Mkonge Unamzidi Mdakaji

Kuna kauli inayozunguka Korogwe na Handeni kila wanafunzi wa kidato cha nne wanapomaliza mitihani, na mwaka wa uchaguzi hupewa kipaza sauti: michezo ni ajira. Siku hizi imeongezewa mfano wa mbali. Vijana wa Manundu na Chanika wanaoneshwa kwenye simu Mmarekani mwenye kofia ngumu, anaruka, anadaka kwa mkono mmoja mpira wenye umbo la yai, halafu wanaambiwa: huyu kazi yake ni kudaka tu na analipwa mabilioni, wewe mwenye mbio unahangaika na hesabu za nini? Msemaji hupigiwa makofi, hugawa jezi seti moja na mipira miwili, hupanda gari akaondoka. Mabilioni yenyewe sibishani nayo, yapo. Machi 2025 Ja'Marr Chase, mdakaji wa Cincinnati Bengals, aliongezewa mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 161, karibu shilingi bilioni 400. Ila katika hizo, zilizo na uhakika ni milioni 112. Nyingine zinategemea kama klabu itaendelea kumtaka. Na huyo, wakati huo, ndiye aliyekuwa juu kabisa kati ya wadakaji. Kinachofichwa kwenye mikutano ile ni muda.

Korogwe hakuna asiyeujua mkonge. Unapandwa, unapaliliwa, unasubiriwa kama miaka mitatu ndipo majani ya kwanza yakatwe, na baada ya hapo shamba linaendelea kukatwa miaka mingi. Sasa chama cha wachezaji wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani anayochezea Chase, kimeeleza mara nyingi kwamba kwa wastani mchezaji hudumu miaka 3 na ushei, na mdakaji yuko chini ya wastani huo, mitatu kamili haifiki. Maana yake mdakaji wa kawaida akisajiliwa siku mche unapotiwa ardhini Ngombezi au Magunga, atakuwa ameshatemwa kabla mkonge ule haujakatwa jani la kwanza. Pensheni ya ligi nayo inamtaka awe na misimu 3 inayohesabika. Wengi wanaishia mlangoni. Hapa kwetu NSSF inadai michango ya miezi 180 ndipo mtu aitwe mstaafu mwenye pensheni ya kila mwezi. Tungempata wapi mdakaji wa miezi 180? Kibarua wa kukata mkonge, kwa malipo yake yanayotia aibu (na hilo lina makala yake), ana nafasi kubwa zaidi ya kuzeeka akiwa kazini.

Tazama jinsi wanavyopunguzwa. Kila timu inaingia kambini na wachezaji 90, na mwisho wa Agosti sheria inataka wabaki 53. Timu ziko 32. Kila moja ikitema 37, ni watu 1,184, na siku ya mwisho ni hiyohiyo kwa wote. Baadhi hurudishwa kwenye kikosi cha mazoezi, kwa malipo madogo zaidi na bila uhakika wa wiki ijayo. Anayetemwa hufuatwa na mfanyakazi wa klabu akiwa bado na taulo begani: kocha anakuita, njoo na kitabu chako cha mbinu. Kitabu hicho, ambacho sasa kiko kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, ndicho alichokesha nacho tangu alipoingia kambini. Ndani yake kila mbinu ina jina, na kila jina linamtaka ajue akimbie hatua ngapi kabla ya kukata kona, na abadili nini beki akisimama kushoto badala ya kulia, vyote ndani ya sekunde mbili tatu. Anayesema kazi ile ni kudaka tu hajapata kuona ukurasa mmoja wa kitabu hicho.

Watetezi wana majibu yao. Ligi yenyewe husema mchezaji hudumu kama miaka 6, ila inawahesabu wale waliofanikiwa kuingia kikosini tangu mwanzo wa msimu wao wa kwanza. Yaani waliotemwa wameondolewa kwenye hesabu, kisha tunaambiwa watu hudumu. Mwingine atamtaja Jerry Rice, mtoto wa fundi uashi wa Mississippi, aliyecheza misimu 20 na kudaka yadi 22,895. Vizuri. Anayemfuatia kwa yadi katika historia nzima ya ligi, Larry Fitzgerald, ana 17,492. Mtu anayempita wa pili wake kwa zaidi ya yadi 5,000 hawezi kuwa mfano wa ajira ya mtoto wa Kwamsisi. Na wale wanaodai kwamba hata miaka mitatu inatosha, ukishashika hela umeshashika, wamuulize Terrell Owens. Alilipwa takriban dola milioni 80 kwa kudaka, na mwaka 2012 alikiri hadharani kwamba karibu zote zimekwisha.

Kwetu hali ni hiyohiyo, mifano ni michache tu. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga ya kulipwa ya New Zealand na Afrika Kusini, akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Mwili alikuwa nao, mbio alikuwa nazo. Alicheza mechi 5 za ligi, na 2015 wakamwacha. Hasheem Thabeet wetu, mwenye mita 2.21, alichaguliwa wa pili kwenye NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alikuwa ameshashushwa kwa muda ligi ya chini, na ilipofika 2014 hakuwa tena na namba NBA. Halafu huja jina la mwanasoka wetu Samatta, kila mara Samatta, kana kwamba nchi ya watu zaidi ya milioni 60 imejaa akina Samatta. Handeni wanayo kumbukumbu ya karibu zaidi, na hawaitaji mikutanoni. Mgambo JKT ya Kabuku ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2012/13, na 2015/16 ikashuka pamoja na Coastal Union na African Sports: timu zote tatu za Mkoa wa Tanga, msimu mmoja. Askari aliyekuwa akiichezea Mgambo alibaki na kazi yake ya jeshi. Asiye askari alirudi kwenye ndondo ya kugombea mbuzi. Anayelipwa na mpira kila siku, mvua jua, ni mwenye kibanda cha mikeka ya kubeti, na yeye hajawahi kuvaa njumu.

Kisha kuna jambo ambalo hata video zile hazioneshi. NFL haimruhusu kijana kusajiliwa mpaka ipite miaka 3 tangu darasa lake la sekondari lihitimu, na muda huo karibu wote huumalizia chuo kikuu. Chase alitoka Louisiana State. Rice alitoka chuo kidogo cha Mississippi Valley State ambacho wengi hawakijui hata leo. Na huyo Fitzgerald, aliyekwisha kulipwa mamilioni, alimwahidi mama yake shahada, akaendelea kusoma huku akicheza, akahitimu mwaka 2016. Picha yake akiwa amevaa joho ipo, inapatikana kwenye simu ileile, na inafunguka kwa bando lilelile.