Anza na ruta, pazia litafuata

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya pazia la mota, hapo pa kuunganisha bodi na Wi-Fi umepita haraka mno, na ndipo wengi wanapokwama. Bodi za ESP8266 na ile ESP32 ya kwanza haziyaoni kabisa masafa ya gigahezi 5, zinatumia 2.4 tu. Ruta nyingi za siku hizi huyapa masafa yote mawili jina moja, na zikiwekewa usalama wa WPA3 pekee, ESP8266 mara nyingi hugoma. Kabla ya kulaumu programu, tenga mtandao wa 2.4 wenye jina lake na WPA2, ujaribu hapo.

Tena, bodi inapofungua mtandao wake yenyewe ili uipe nenosiri la nyumbani, simu ikiona hakuna intaneti hurudi kimyakimya kwenye data. Zima data, kisha andika 192.168.4.1 kwenye kivinjari.

Na mota, jamani, msiilishe umeme kutoka kwenye bodi! Ikianza tu kuvuta pazia volti hushuka, bodi inazimika na kuwaka upya, Wi-Fi inakatika, halafu lawama zote zinaishia kwa ruta. Ipe mota umeme wake, ila nyaya hasi za pande zote mbili ziunganishwe.