Kadi Imebaki Sinza, Mimi Niko Mbagala!

Najua wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tutamalizia ile mada ya wapangaji na zamu ya kuosha choo, na meseji zenu nimezisoma zote, hata ile ya yule dada wa Buguruni aliyesema mwenye nyumba wake naye hajawahi kushika fagio. Naomba hiyo tuiweke kiporo. Leo nataka kuwapa kisa changu mwenyewe, tena cha aibu, maana nilichemsha, na nilichemsha mbele ya watu.

Wanaonifuatilia hapa wanajua kwamba kalamu peke yake hainilipii kodi. Wikiendi huwa naingia mtaani na kamera, ya mtumba lakini bado ina nguvu, napiga kipaimara, ubarikio, maulidi, sendofu, chochote kile mradi mtu atoe mshiko. Basi Jumamosi moja ya Novemba 2024 nikapata kazi ya sendofu nyumbani kwa watu, Mbagala Rangi Tatu. Natoka Sinza asubuhi na begi mgongoni, daladala mbili, foleni kama unavyoijua, nafika pale jasho linanitoka. Turubai limefungwa uani, viti vya kukodi vimepangwa, pilau linanukia hadi barabarani.

Aliyenipa kazi ni mama mdogo wa bi harusi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu," kisha akanivuta pembeni.

"Picha zote piga unavyojua wewe," akaniambia, "lakini moja nataka uniahidi. Yule pale ni bibi yao, ametoka Ikwiriri jana, na leo saa kumi anaondoka, hataki kulala tena mjini. Yule hana picha yoyote duniani zaidi ya ile ya kadi ya mpiga kura. Nataka picha yake na mjukuu wake."

Nikamwambia, "Mama, hiyo umeshapata." Loo, mdomo huu!

Saa tisa bi harusi mtarajiwa akatolewa nje. Vigelegele, kanga zinatandikwa chini apite, shangazi mmoja anacheza mpaka kilemba kinamdondoka. Mimi niko mbele narudi kinyumenyume, nachutama, nasimama, kamera inalia kacha kacha kacha, raha tupu. Nilipiga kama picha arobaini hivi. Kisha shosti mmoja wa bi harusi akaniomba nimwonyeshe moja aone kapendezaje. Nikabonyeza kitufe cha kuangalia picha. Kioo kikanijibu kwamba hakuna picha hata moja, na hakuna kadi.

Msomaji, umewahi kukanyaga ngazi ambayo haipo? Ndivyo moyo wangu ulivyofanya. Kadi ilikuwa Sinza, imechomekwa ubavuni mwa kompyuta, pale pale nilipoichomeka usiku wa kuamkia siku hiyo nikihamisha picha za watu wengine. Nikalala, nikaamka, nikafunga zipu ya begi nikaondoka.

Utaniuliza, sasa kamera ilikubalije kupiga bila kadi? Swali zuri, na jibu lake ndilo litakaloweza kukuokoa. Kamera nyingi zina sehemu ndani ya menyu inayoruhusu kitufe kifanye kazi hata kama kadi haimo, na hiyo ruhusa ipo ili muuza duka aweze kumwonyesha mteja inavyopiga. Nyingine hata picha yenyewe inakutokea kwenye kioo sekunde chache, unafurahi, kumbe haihifadhiwi popote. Ukishanunua kamera, ingia humo uizime hiyo ruhusa. Ukiizima, siku umesahau kadi kitufe kitagoma, na heri ugomewe na kitufe asubuhi kuliko kugundua saa tisa mchana. Mimi nilikuwa nayo kamera miaka miwili na sijawahi kuifungua hiyo menyu.

Nikapekua begi. Betri ya akiba ipo. Kitambaa cha kufutia lenzi kipo. Kifuniko cha lenzi niliyokwisha kuiuza nacho kipo, sijui nakitunza cha nini. Kadi ya akiba hakuna.

Sasa nisiwafiche, shetani alinipitia. Akaniambia endelea tu kuzuga, piga piga hivyo hivyo, halafu kesho uwapigie simu kwa sauti ya huzuni useme kadi imeingia virusi. Wapo wapiga picha wanaofanya hivyo, tunajuana. Lakini nilipogeuka nikamwona yule bibi amekaa kwenye mkeka, anajitengeneza ushungi wake akijiandaa kwa picha. Nikaenda kwa mama mdogo nikamwambia ukweli wote, kadi nimeisahau nyumbani, na picha za kuingia kwa bi harusi hazipo.

Akanitazama kuanzia juu mpaka kwenye raba. "Yaani wewe binti umekuja shamba bila jembe?"

Nikanyamaza. Ungejibu nini?

"Bibi ameingia ndani kuswali alasiri," akasema. "Akitoka anaaga. Fanya unalofanya."

Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia nne, kimeo kitupu. Nikamwomba kaka wa bi harusi ashike simu yake, apige kila kitakachotokea pale mpaka nirudi, na akae jua likiwa mgongoni kwake. Hili ni jambo la kwanza la kufanya ukikwama: tafuta mtu azibe pengo wakati wewe unahangaika, hata kama anapiga picha zote zimepinda.

Nikamkimbilia kijana wa muziki. Sabufa lake lilikuwa linapiga kwa kadi, nimeiona kwa macho yangu. Nikamweleza shida yangu. "Dada yangu," akasema, "nikichomoa hii taarabu inakufa, na wale kina mama wananitoa roho." Isitoshe ilikuwa ile ndogo ya simu, ambayo haingii kwenye kamera bila adapta. Lakini akanielekeza mtaa wa pili, kwenye kibanda cha kijana anayeingizia watu nyimbo na muvi kwenye simu.

Nikaenda mbio na begi linanipiga mgongoni. Kijana akanitolea kadi mbili. Moja mpya inang'aa, imeandikwa GB 128, anaiuza elfu nane. Nyingine kuukuu, GB 8, imechujuka maandishi, elfu tano. Wewe ungechukua ipi? Nilichukua kuukuu. Hizo zinazong'aa kwa bei ya chee mara nyingi ni za kudanganya, zimeandikwa namba kubwa kumbe tumbo lenyewe dogo, na ikijaa haikwambii, inaendelea kupokea picha na kuziharibu. Kadi ya zamani ambayo imeshabeba nyimbo za mtaa mzima angalau najua imefanya kazi. Nikamuuliza, "Humu kuna vitu vya mtu?" maana kufuta nyimbo za watu nako ni ugomvi. Akasema hakuna. Adapta akaniazima.

Hapo hapo kibandani nikaifuta kwa kutumia kamera yenyewe, si kompyuta, nikapiga picha tatu za ukuta, nikazima kamera, nikawasha, nikazikuta zote tatu. Kisha nikabadilisha kamera iache yale mafaili makubwa ya RAW, ipige JPEG tu. Kadi kama ile ni ya mwendo wa kobe. Ukiilazimisha kumeza mafaili makubwa mfululizo, kamera inasimama katikati ya tukio inatafuna. Kwa JPEG, GB 8 zinakupa picha mia saba, mia nane hivi kwa kamera kama yangu, na sendofu haihitaji zaidi.

Narudi, nakuta bajaji getini. Bibi ameshapanda, kifurushi cha pilau mapajani, dereva amewasha. Nikapiga kelele kama mwizi. Bi harusi akatoka mbio, gauni kalishika kwa mikono miwili, viatu kaviacha nyuma.

Tatizo likawa mwanga. Jua kali nje, ndani ya bajaji giza, uso wa bibi ndani ya ushungi hauonekani. Flashi ninayo, lakini kumwashia mzee usoni kwa hatua mbili kunamkunja sura na picha inatoka kama ya polisi. Ile sahani nyeupe ya kurudishia mwanga sina, sijawahi hata kuwa nayo. Nikaangaza macho, nikamwona mjomba mmoja mnene kavaa kanzu nyeupe pe. "Mjomba, samahani, simama hapa juani, unitazame." Akasimama. Mwanga ukagonga kanzu ukaingia ndani ya bajaji, taratibu, ukatua shavuni kwa bibi kama mtu kafungua dirisha.

Nikapiga picha kumi na moja. Dereva analalamika, "Dada, gari litamwacha." Katika ya saba bibi aliacha kunitazama mimi, akamshika mjukuu wake ile mikono yenye hina, akaigeuza kama anaisoma. Nikajua ndiyo hiyo.

Usiku kwenye daladala nikawa namfikiria Mmarekani mmoja, Ansel Adams, ambaye kila anayeshika kamera amewahi kumsikia. Jioni ya tarehe 1 Novemba 1941 alikuwa anaendesha gari pale New Mexico, akaona mwezi umechomoza juu ya kijiji cha Hernandez, na jua la mwisho linang'aa kwenye misalaba ya makaburi. Akasimamisha gari ghafla, akafunga kamera yake kubwa kwenye stendi, akatafuta kipima mwanga hakioni. Amehangaika, wapi! Lakini alikuwa amehifadhi kichwani kiasi cha mwanga wa mwezi, mishumaa 250 kwa futi ya mraba, akapiga hesabu pale pale, tundu la lenzi f/32, sekunde moja. Akapiga moja tu. Kabla hajapiga ya pili jua likaondoka kwenye misalaba. Ile moja ikawa picha yake maarufu kuliko zote.

Watu husimulia kisa hicho kama vile kichwa kinatosha. Mimi nasema kinatosha kwa kipima mwanga. Hata wewe unaweza, jua la saa saba mchana weka f/16, ISO 100, kasi 1/125, na picha itatoka vizuri tu. Stendi umeisahau? Nunua maharage kilo mbili, tia kwenye mfuko wa nguo, laza kamera juu yake, tumia ile saa ya kujipigia ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Kikinga jua cha lenzi kimepotea? Gazeti hili hili linafaa, likunje ushike juu. Mvua imekukuta? Zamani tungesema mfuko wa rambo, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo ile kofia ya plastiki ya kuogea inatosha kabisa, na haichukui nafasi. Vitu vyote hivyo kazi yake mtu anaweza kuifanya kwa mikono na akili.

Lakini kadi? Adams mwenyewe angefika pale bila filamu angeutazama tu mwezi akarudi zake nyumbani. Kadi na betri havina mbadala wa kichwani. Ukiniambia nichague nisahau nini, nitasahau stendi, flashi, hata lenzi moja. Tangu siku ile kadi ya akiba nimeishonea kijimfuko kwenye mkanda wa kamera, na kompyuta yangu sasa naihamishia picha kwa waya, kadi haitoki ndani ya kamera labda nife.

Malipo? Tulikubaliana laki na nusu, mama mdogo akanipa laki. "Ile ya kuingia hukuipiga," akasema, na hakukosea. Picha za simu za kaka mtu zilisaidia kidogo, ingawa nyingi ni za kidole chake.

Ile ya saba nikaisafisha saizi ya A4, nikaiweka kwenye fremu, mama mdogo akaituma kwa gari la Ikwiriri. Baada ya wiki akanipigia. Bibi ameipokea, ameitundika sebuleni, majirani wanakuja kuiangalia. Ila ana swali moja.

"Anauliza, yule mjomba wa kanzu mbona hayumo? Alisimama pale juani muda wote ule!"

Na wewe kijana wa kibanda cha nyimbo, Mbagala, kama unasoma, adapta yako bado ninayo. Jumapili naileta.