Uvira: nyumba ya zamani inahitaji waya

Mwezi wa 5, 2025, serikali ya Kongo iliruhusu Starlink kufanya kazi nchini. Kwa mkaaji wa Uvira anayeweza kulipia intaneti ya nyumbani, kwa njia hiyo au nyingine, linabaki swali dogo linalomla pesa kila mwezi: itafikaje chumba cha nyuma?

Nyumba nyingi za zamani mjini zina kuta nene za matofali ya kuchoma. Zinapunguza joto, lakini zinameza pia mawimbi ya Wi-Fi. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi, ila yanachoka upesi ukutani. Yale ya 2.4 yanapenya zaidi, kwa kasi ndogo. Basi ruta inakaa sebuleni, na mwanafunzi aliye chumba cha tatu ananunua megabaiti za simu. Familia inalipa mara mbili.

Dukani atashauriwa kununua kifaa cha kurudia mawimbi. Mara nyingi ni pesa iliyopotea: kikiwekwa pale ambapo mawimbi yamekwisha kudhoofika, kinarudia udhaifu uleule. Afadhali waya mmoja utoke kwenye ruta, upite ukutani, na uishie kwenye kifaa cha pili cha Wi-Fi huko nyuma. Simu zitaendelea bila waya. Ni ukuta tu unaohitaji kutobolewa. Waya wa aina ya 5e unabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna nyumba Uvira yenye urefu huo. Mnunuzi aulize kama ni shaba tupu, kwa sababu sokoni kuna aluminiamu iliyopakwa shaba.

Upitishwe juu, karibu na dari, mbali na nyaya za umeme. Waliosafisha matope ya mto Mulongwe Aprili 2020, au walioona ziwa likiingia Kalundu, hawahitaji kuelezwa kwa nini usilazwe sakafuni.

Kwenda nyumba ndogo ya uani ni jambo lingine. Radi za huku ni kali, na waya wa shaba unaopita nje unaweza kuileta hadi kwenye kompyuta. Hapo Wi-Fi inashinda.

Na mpangaji? Aombe ruhusa kabla ya kutoboa. Mwenye nyumba akikataa, waya mwembamba unaweza kupita pembeni mwa fremu ya mlango.