Daktari aliye Australia bado ni daktari, tumwachie muda wa kusoma

Kuna swali linalorudi katika familia nyingi za hapa Kivu Kaskazini, hasa zile ambazo vita viliwatawanya na mtoto mmoja akafika mbali: “Munganga wetu yuko Australia mwaka wa tatu sasa. Mbona anaosha wazee, na pesa anayotuma ni kidogo?” Nimemsikia mama mmoja akisema mbele ya majirani kwamba huenda diplomi ya kijana wake ilikuwa ya uongo.

Ndugu wasikilizaji na wasomaji, diplomi hiyo si ya uongo. Ila diplomi ya Congo peke yake haimruhusu mtu kutibu wagonjwa kule. Kwanza chuo alikosomea kinaulizwa kama kweli kilimpa diplomi hiyo. Kisha anafanya mtihani wa Baraza la Madaktari la Australia: maswali 150 kwenye kompyuta, kwa saa tatu na nusu, tena kwa Kiingereza, wakati yeye alisoma kwa Kifaransa. Akifaulu, bado kuna mtihani wa pili wa kuonyesha jinsi anavyohudumia mgonjwa, halafu kazi chini ya usimamizi. Na huo wa kwanza pekee unalipiwa zaidi ya dola 2,000 za Australia.

Mtihani huo wa kompyuta si kama ile tuliyozoea. Fikirieni kijana wa chukudu. Akipanda mlima vizuri na gunia moja, anaongezewa la pili. Akishindwa, anapunguziwa. Ndivyo kompyuta inavyofanya: ukijibu vizuri, swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa, linakuja rahisi kidogo, mpaka ijulikane nguvu yako inafika wapi. Ukishajibu, huwezi kurudi nyuma kusahihisha. Kila swali lina sekunde 84 tu kwa wastani. Maswali 30 kati ya hayo ni ya majaribio, hayahesabiwi, lakini hakuna anayejua ni yapi.

Matokeo yake ni haya: anayejua sana ndiye anayepewa mazito, na anatoka chumbani akidhani ameanguka. Kwa hiyo akipiga simu siku hiyo akiwa amevunjika moyo, tusimwambie, “Tulijua utashindwa.” Kutoka jasho mlimani hakuonyeshi kwamba chukudu ni mbovu.

Kuna ugumu mwingine. Mtoto mwenye homa akiletwa katika kituo cha afya Masisi, daktari wetu anafikiria malaria kwanza, na anafanya vyema. Mtoto huyohuyo akiwa Melbourne na hajasafiri popote, jibu ni lingine. Kule kuna saratani ya ngozi kwa wingi, magonjwa ya moyo ya wazee, afya ya akili, na sheria za kumweleza mgonjwa kila kitu kabla ya kumgusa. Daktari wetu hakusahau kazi. Anajifunza nchi nyingine na magonjwa yake, kila siku baada ya zamu, macho yakiwa yamechoka.

Maoni yangu ni haya: wengi wa madaktari hawa hawakosi akili. Wanakosa muda, na sehemu ya muda huo tunauchukua sisi. Harusi ya binamu, matanga ya jirani, simu ya usiku wa manane. Kwa kila jambo jina lake ndilo la kwanza. Anaongeza zamu ili atume, na kitabu kinabaki kimefungwa.

Najua mtaniuliza: na sisi tule nini? Anayelala chini ya turubai na watoto hawezi kuambiwa asubiri mtihani. Kweli kabisa. Sisemi asitume kitu. Nasema familia ikae pamoja, ikubaliane naye kiasi kimoja cha chakula na dawa kila mwezi, na mengine yote yangoje mpaka afanye mtihani. Mkubwa wa familia ndiye azuie simu za michango.

Na kama karatasi zake za shule ziko kwenu, zilindeni. Tumekimbia mara nyingi na kuacha mengi. Diplomi na karatasi za pointi zipigwe picha leo, mtumieni, na mwingine azihifadhi pia. Mvua au moto ukizichukua, anaweza kupoteza miaka akizitafuta.

Nanyi madaktari mnaotusoma kutoka huko: waelezeni wazazi mtihani huu ulivyo. Kunyamaza kwa aibu ndiko kunakoleta maneno ya majirani. Yule mama alipoelezwa habari ya magunia ya chukudu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza tarehe ya mtihani, ili siku hiyo asipige simu.