Tabora haijakushinda bei: madai matano kuhusu likizo ya bara

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi wengi wa Dar es Salaam huanza kupiga hesabu za Kunduchi Wet 'n' Wild au Fun City ya Kigamboni: kiingilio, usafiri, chipsi kuku, soda. Akitokea mtu akaitaja Tabora na njia ya kale ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, hunyamazishwa kwa madai yale yale. Tuyapime moja moja.

Dai la kwanza: "Ndege ya Tabora ni ya wenye nazo." Hapa kuna ukweli nusu. Ndege za Dash 8 Q400 za Air Tanzania, zinazohudumia viwanja vya mikoani, zina viti 76, na viti hivyo haviuzwi kwa bei moja. Hugawanywa katika madaraja ya nauli. Vya bei ya chini ni vichache na ndivyo huisha kwanza. Aliyekata tiketi mapema na aliyekata jana hukaa bega kwa bega, wanakunywa maji yale yale, ila mmoja kalipa zaidi. Kwa hiyo linganisha tarehe kadhaa, hasa za katikati ya wiki, na upime begi nyumbani, maana kilo zikizidi utazilipia uwanjani.

Dai la pili: "Subiri siku za mwisho, nauli itashuka." Huko kwenye makampuni makubwa ya utalii huenda ukabahatika. Kwenye ndege ndogo ya mkoani, wanaonunua dakika za mwisho ni mtumishi aliyeitwa kikao na mtu aliyepata msiba. Hao watalipa bei yoyote, na shirika linajua. Wengine hushauri ufute kumbukumbu za simu ili bei ishuke. Kufuta hakurudishi kiti cha bei ya chini ambacho mwenzako ameshakinunua.

Dai la tatu: "Treni ndiyo nafuu kuliko vyote." Kwa nauli peke yake, mara nyingi ndiyo. Lakini nauli si safari. Wenye misafara ya karne ya 19 walilijua hilo: vitambaa na shanga walivyotoka navyo pwani viliyeyukia kwenye posho ya wapagazi na hongo za watemi wa Ugogo. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ina gharama zake: chakula cha njiani, siku zinazoliwa, na kuku wa Saranda ambao watoto hawatakubali wapite hivi hivi. Upande wa pili wa hesabu, familia ikichukua chumba kizima cha daraja la pili kulala, usiku huo hailipi gesti.

Iko pia njia ya kuchanganya. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inafika Dodoma. Kutoka hapo panda basi kupitia Manyoni na Itigi. LATRA hutangaza viwango vya juu vya nauli za mabasi, basi vijue kabla hujafika stendi, na udai tiketi inayoonyesha kiasi ulicholipa. Mpiga debe hana bei maalumu. Ana bei yako.

Dai la nne: "Tabora hakuna cha kuona." Nenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Bodaboda au bajaji inatosha. Patana kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja. Huko kuna tembe la Livingstone, lililojengwa upya kwa umbo la zamani: mlango wa mbao uliochongwa kama wa pwani, kuta nene za udongo, vyumba vinavyozunguka ua. Mwaka 1872 Livingstone alikaa hapo tangu Februari hadi Agosti, akingojea wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Mjini kuna shule aliyoanza Nyerere mwaka 1937, na simulizi la Mtemi Isike, aliyejilipua ndani ya ngome yake mwaka 1893 asije akakamatwa na Wajerumani. Sokoni, asali na matobolwa havihitaji kiingilio.

Dai la tano: "Usipofika Ujiji hujaiona njia ya misafara." Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hakuna anayekulazimisha kuvimaliza kwa mkupuo mmoja. Bagamoyo unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Dar es Salaam. Mwaka huu Bagamoyo, mwakani Kwihara. Ujiji isubiri mfuko ukae sawa.

Anayetaka mitelezo ya maji na bembea aende Kunduchi, Tabora haina. Ila kabla hajasema bara ni ghali, achukue karatasi aandike nauli, malazi, chakula na viingilio vya familia nzima, safu mbili, moja ya Kunduchi na moja ya Tabora, kisha ajumlishe mwenyewe.