Keki ya Siku ya Kufunga Mwaka: Tuinunue ao Tuipike?



Komite ya wanafunzi itakutana hivi karibuni juu ya sikukuu ya kufunga mwaka. Neno moja limekwisha kuleta mabishano katika madarasa na katika enterna: ile keki kubwa. Wengi wanataka tuiagize mjini kama kawaida, ile ya kupakwa sukari nyeupe na maandishi juu yake, na kila mwanafunzi atoe mchango. Mimi kapita wenu ninawaza namna ingine. Ninasema tupike wenyewe, keki na biskuti, hapa hapa masomoni, kwa mikono yetu. Nitaeleza sababu, kisha kila mtu apime.

Sababu ya kwanza si utamu, ni watu. Mimi ndiye ninashika liste ya mchango, kwa hiyo ninajua namna inavyokwenda. Katika juma la mwisho kabla ya sikukuu, malaria inakamata watu wengi sana kwetu. Huyu kichwa kinamuuma, huyu mama yake amemwita shambani, yule amepata safari ya gafula. Kesho yake wote wamepona! Sisi wote tunajua ule ni ugonjwa gani. Ni ugonjwa wa kukosa franka za mchango. Mtoto ambaye wazazi wake wametafuta minervali mwaka muzima, wakauza mbuzi, wakauza maharagi, hawezi tena kurudi nyumbani kuomba feza ya keki. Anaona afazali kulala kitandani kuliko kusimama mlangoni huku jina lake halina alama. Basi keki imekuwa mlango wa kufungia wenzetu inje. Na sikukuu hii ni ya kila mtu aliyesoma mwaka huu pamoja nasi, si ya wale tu wenye feza mfukoni.

Tukipika wenyewe, mchango unageuka. Mmoja ataleta mayai mawili, mwingine ndizi za kuiva, mwingine kopo la sukari, mwingine unga kidogo. Asiye na kitu ataleta mikono yake, kwa sababu kuna maji ya kuchota, kuni za kupasua, na mayai ya kupiga mpaka mkono uchoke. Kazi ile ni mchango wa kweli. Katika liste ya namna hiyo hakuna jina litakalobaki bila alama.

Sasa nijibu maneno ninayoyasikia katika kiwanja.

Wengine wanasema: «Keki bila furu? Tutaipika wapi?» Furu tunayo, ila hatujaitambua. Kamata sufuria kubwa na nzito yenye kifuniko. Ndani yake weka mchanga mkavu na safi, kimo cha vidole viwili. Juu ya mchanga weka mawe matatu madogo yaliyo sawasawa. Simamisha sufuria juu ya mbabula, funika, acha ipate moto kwa dakika 15 ao 20. Kisha ingiza sahani ya bati ao sufuria ndogo yenye keki, uiweke juu ya mawe, funika tena, na juu ya kifuniko panga makala yenye moto. Hivi joto linatoka chini na linatoka juu, sawa na katika furu ya mjini. Mchanga unazuia chini pasiungue haraka. Mama wengi wa mitaa yetu wanapika keki za arusi kwa njia hii, na wageni wanakula bila kuuliza furu ilikuwa ya namna gani. Lakini tufanye kazi hii inje ao chini ya paa lililo wazi, kamwe si katika chumba cha kufungwa, kwa maana moshi wa makala unaua, hata ule usioonekana kwa macho.

Juu ya makala pia nina neno. Sisi wa Kivu tunajua makala inatoka wapi. Sehemu kubwa inakatwa katika miti ya mbuga ya Virunga, na miti ile haioti tena katika mwaka mmoja. Kwa hiyo tusiwashe moto mpya kwa ajili ya keki. Mpishi wa enterna akimaliza kupika maharagi ya saa sita, moto wake unabaki na nguvu kwa muda mrefu. Pale ndipo tuanze sisi.

Wengine, na hawa ni vijana wenzangu wanaume, wanacheka wanasema: «Ile ni kazi ya banamuke! Banaume tutapiga mayai?» Ndugu zangu, nendeni usiku kwenye bulanjeri ya mji muangalie nani anakanda na nani anasimama mbele ya furu. Wengi ni wanaume, tena wenye misuli. Kumbe kazi ni ile ile! Mama akiifanya nyumbani bila mshahara tunasema ni ya wanawake. Ikianza kulipwa tunaona ni ya wanaume. Hiyo si desturi ya kujivunia. Kijana anayejua kupima unga na kulinda moto hatakufa njaa siku atakapopanga chumba peke yake mjini ili asome univerziti.

Wengine wanasema kazi ya jikoni haina elimu, inatupotezea wakati. Mimi nasoma biolojia na kemia, na ninasema kinyume. Juu ya nini mandazi inavimba? Chachu, ile tunayoita levire, ni viumbe vidogo vyenye uhai. Tangu mwaka 1857 Louis Pasteur, mtu wa elimu wa Ufaransa, alianza kuonyesha kwamba uchachu ni kazi ya viumbe vya namna hiyo. Vinakula sukari, vinatoa gazi karboniki, na gazi ile inainua unga. Ndiyo maana maji ya moto sana yanaharibu mandazi: yanaua levire. Maji yawe ya vuguvugu tu, ya kuvumiliwa na kidole.

Keki haingoji levire ya namna ile. Inainuliwa na levire ya kemia, yaani bikarbonati ya sodiumu iliyochanganywa na asidi kavu. Zikikutana na maji na moto, zinatoa gazi ile ile kwa dakika chache. Mtu akitia bikarbonati tupu pasipo kitu chenye ukali, kama maziwa yaliyoganda ao maji ya ndimu, keki itapata ladha ya sabuni. Si uchawi, si bahati mbaya, ni lile somo ambalo mwalimu aliandika ubaoni nasi tukasinzia. Tena hesabu ya kanuni ya tatu tunayoilalamikia iko hapa: kama unga grama 500 unatoa biskuti 40, je, kwa wanafunzi 300 wa kupata mbili mbili, tutatafuta unga kilo ngapi? Atakayejibu kilo 7 na nusu ameanza kuwa mpishi.

Kuna shida moja ya kweli, nayo ni bei ya unga wa ngano. Inchi yetu inalima ngano kidogo sana, hasa kwenye milima ya baridi kama ile ya Lubero. Karibu ngano yote tunayokula inatoka ngambo, kwa hiyo dola ikipanda, na mkate unapanda. Muhogo uko kwetu, tena mwingi. Je, tunaweza kupika keki ya muhogo mtupu? Si rahisi, na ni lazima kujua sababu. Ngano ina kitu kinachoitwa gluteni. Ukiikanda na maji, gluteni inavutika kama mpira na inafunga gazi ndani. Muhogo hauna gluteni. Gazi inatoka, na keki inalala chini kama tofali. Lakini biskuti haina haja ya kuvimba sana. Kwa hiyo kwa biskuti tunaweza kuondoa sehemu moja katika tano ya ngano, na kuweka unga wa muhogo uliochungwa vizuri. Uwe tu muhogo ulioandaliwa sawasawa: ule mchungu uwe umelowekwa siku tatu ao zaidi na kukaushwa, kama mama zetu wanavyofanya, maana una sumu.

Hii ndiyo biskuti ninayoileta mbele ya komite. Unga wa ngano grama 400, unga wa muhogo grama 100, sukari grama 150, margarini grama 150, yai moja, kijiko kidogo kimoja cha levire ya kemia, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Piga margarini na sukari mpaka vigeuke vyeupe, tia yai, kisha mimina unga wote uliochanganywa na levire na chumvi. Ukiona ni kavu, ongeza maziwa ao maji, kijiko kimoja kimoja. Usikande sana, zitakuwa ngumu. Tandaza kwa chupa safi, kata kwa kinywa cha glasi ndogo, choma dakika 15 hivi mpaka pembeni pawe rangi ya asali. Zinapotoka ni laini; zikipoa ndipo zinakuwa kavu, basi msizirudishe motoni.

Na kwa keki: ndizi tatu zilizoiva mpaka ganda limeanza kuwa jeusi, unga wa ngano grama 250, sukari grama 100, mayai mawili, nusu kopo ndogo ya mafuta, vijiko vidogo viwili vya levire ya kemia. Ndizi kama zile sokoni wanazitupa, ao wanaziuza kwa bei ya bure, lakini ndizo zenye sukari kuliko zote, kwa kuwa wanga wake umekwisha kugeuka sukari. Sukari ya dukani tunaipunguza bila mtu kutambua. Keki ikikaa dakika 40 ao 45, choma katikati kwa kijiti kidogo. Kikitoka kikavu, imeiva.

Neno la mwisho la kujibu ndilo zito kuliko mengine, na lilitoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu: «Tukianza kupika, mama wanaouza mandazi kwenye mlango wa masomo watakula nini?» Ameuliza vizuri. Wengi wa wale mama wanalipia watoto wao minervali kwa mandazi ile ile. Wengine watoto wao wako kati yetu. Ninajibu hivi: tusipike kwa kuuza. Mandazi ya kila siku ibaki yao. Sisi tupike kwa sikukuu tu. Tena tumuombe mmoja wao aje kutufundisha, na tumlipe siku yake kama fundi, kwa sababu yule mama anayeamka saa tisa ya usiku na kupata mandazi mia moja zilizo sawa bila mizani ana elimu ambayo sisi wa mwaka wa sita hatuna. Feza ya keki iliyokuwa ikienda mjini, sehemu yake ikae hapa mtaani.

Kwa hiyo ninaomba komite iamue mambo haya:

1. Keki ya mjini isiagizwe mwaka huu.
2. Mchango utolewe kwa vitu ao kwa kazi, na kazi iandikwe katika liste sawa na kitu.
3. Kila darasa litoe watu wanne, vijana wawili na wabinti wawili, wanaonawa mikono kwa sabuni na kukata kucha. Mwenye kukohoa asikaribie.
4. Jaribio lifanyike juma moja mbele kwa kipimo kidogo, ili tusiharibu unga wa watu siku yenyewe.
5. Sisi wa mwaka wa sita tupewe saa mbili tu, kwa sababu Egzamen ya Serikali haingoji biskuti.

Najua keki yetu haitakuwa na maandishi mazuri juu yake. Labda upande mmoja utakuwa mweusi kidogo, na wajanja watapata la kucheka. Wacheke, lakini wacheke wote wakiwa ndani. Nitafurahi sana liste yangu ikifika siku ile bila mgonjwa hata mmoja wa malaria ile tunayoijua.

Mwenye mawazo mengine aandike, bulletin ijayo ina nafasi.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita