Uhakiki Si Utovu wa Adabu

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa darasa la wakubwa kazi ndogo: chagua methali moja unayoisikia nyumbani, uiandikie uhakiki wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Karatasi nyingi zilirudi zikisema jambo moja, kwamba methali hii ina mafunzo mazuri na sisi vijana tunapaswa kuyafuata. Binti mmoja wa miaka 14 alichagua "Samaki mkunje angali mbichi". Aliandika hivi: "Huyu samaki anaitwa mbichi lakini ameshakufa. Kwa nini mtoto anafananishwa na kitu kilichokufa?"

Nakiri kosa langu. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni, "Hii si hoja," nikampa alama 4 kwa 10. Wale waliosifu methali niliwapa 7. Jumamosi iliyofuata mama yake alinifuata mlangoni, si kulalamikia alama bali kuniomba radhi. "Mwalimu, utuwie radhi. Huyu mtoto siku hizi anabishana na kila kitu." Hapo ndipo nilipoona haya. Mtoto alikuwa ameifanya kazi niliyompa kuliko wenzake wote, na sisi watu wazima wawili tulisimama pale tukizungumza kana kwamba amekosa.

Tangu siku hiyo nina jambo ambalo nataka niliseme wazi kwa wazazi wote. Mtoto asiyeruhusiwa kupinga jambo kwa Kiswahili hataacha kupinga. Atapinga kwa Kiingereza. Kiswahili atakiachia salamu, jikoni, na ile "shikamoo bibi" ya simu ya Jumapili.

Tazameni wiki ya watoto wetu hapa Durban. Jumatatu hadi Ijumaa, katika shule zao, wanaandika insha kuhusu tamthilia za Shakespeare. Wanaulizwa: wewe unaonaje? Thibitisha. Wanaweza kutokubaliana na kitabu na bado wakapata alama nzuri, mradi wana ushahidi. Jumamosi wanakuja kwetu, nasi tunawapa orodha. Wengi wetu tuliosoma Tanzania au Kenya tunaijua: dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, muundo, mtindo, matumizi ya lugha, na mwisho sentensi ile ile kwamba mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa. Orodha si mbaya, humsaidia mwanafunzi asipotee ndani ya kitabu. Lakini nimesahihisha insha zilizojaza kila kipengele, na nilipofika mwisho sikujua kama mwanafunzi alikipenda kitabu, wala kama alikisoma.

Neno lenyewe lingetusaidia kuondoa hofu. Kuhakiki ni kuchunguza jambo mpaka uwe na hakika nalo. Karani anahakiki majina, mhasibu anahakiki hesabu, na hakuna anayesema wamekosa heshima. Anayehakiki methali au riwaya anafanya kazi hiyo hiyo.

Wala tusiseme kwamba kupingana ni tabia waliyoiokota huku ugenini. Methali zetu zenyewe zinabishana. Moja inasema haraka haraka haina baraka, nyingine inajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Washairi wa Mwambao walikuwa na desturi ya malumbano, huyu anatunga na yule anamjibu. Na Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, ulizuka ubishi mkubwa kuhusu ushairi ni nini. Fasihi ya Kiswahili haikufa kwa ubishi huo. Ilipata nguvu.

Mfano mwingine uko hapa hapa mjini. Wengi wenu mnapita Barabara ya Steve Biko, penye chuo cha DUT. Biko alianza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Natal mwaka 1966. Mwaka 1970, akiwa na miaka 23, alianza kuandika makala katika jarida la SASO, chama cha wanafunzi weusi, akitumia jina la Frank Talk. Safu yake iliitwa I Write What I Like, yaani naandika nipendacho. Mwaka 1973 serikali ya makaburu ilimwekea marufuku, na tarehe 12 Septemba 1977 alifia mikononi mwa polisi. Makala zile za mwanafunzi zilitoka kama kitabu mwaka 1978, na mpaka leo zinasomwa.

Mwaka ule ule wa 1970, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na jarida lao, Cheche. Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa aliyesomea sheria chuoni hapo, aliandika humo insha ndefu akihoji ni nani hasa walioshika hatamu za uchumi baada ya Azimio la Arusha. Novemba mwaka huo jarida lilipigwa marufuku. Shivji baadaye akawa profesa hapo hapo.

Sisemi watoto wetu waingie kwenye siasa. Nasema hivi: hakuna serikali iliyowahi kuhangaika na insha inayosema mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa. Vijana wale walisikika kwa sababu waliandika walichokifikiri, wakakitetea. Lakini Biko aliandika kwa Kiingereza, na Cheche nalo liliandikwa zaidi kwa Kiingereza, ingawa jina lake ni la Kiswahili. Hapo ndipo watoto wetu wanapoweza kuongeza kitu chao.

Nisieleweke vibaya. Si kila ubishi ni uhakiki. Karatasi ya yule binti ilikuwa na swali zuri, lakini iliishia hapo hapo. Nilimwomba radhi, nikamrudishia karatasi na maswali matatu. Unadai nini? Ni neno gani ndani ya methali linalokuonyesha hivyo? Na mtu anayeipenda methali hii angekujibu nini?

Swali la tatu lilimfanya ampigie bibi yake simu. Mama yake aliniambia walizungumza karibu nusu saa, wakati kwa kawaida simu hizo huisha kwa "hujambo" na "tunamshukuru Mungu". Bibi alimweleza kwamba methali inazungumzia wakati. Samaki akishakauka, ukimkunja anavunjika, kwa hiyo anayechelewa kumfunza mtoto ndiye atakayemvunja. Binti aliyaandika maneno ya bibi bila kuyapunguza. Kisha akajibu: "Bibi anasema kweli kuhusu wakati. Lakini katika methali hii anayekunja peke yake ndiye anayejua samaki atakuwa na umbo gani. Mtoto anaweza kuulizwa."

Nilimpa 8. Mbili nilizikata kwa sababu ya ngeli na herufi kubwa, na hakulalamika. Mimi nilifurahia zaidi ile nusu saa. Mtoto wa Durban na bibi yake walio mbali walikuwa wakijadili wazo, kwa Kiswahili, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Adabu ninayoijua mimi ndiyo hiyo: kumsikiliza mkubwa mpaka mwisho, kuyarudia maneno yake kwa haki, ndipo useme lako.

Kwa hiyo, wazazi, mtoto akisema "sikubaliani", msimwambie anyamaze. Mwulizeni "kwa nini?", kwa Kiswahili, kisha mngoje. Atatafuta maneno, atakosea ngeli, pengine atachomeka neno la Kiingereza au la Kizulu. Mwacheni amalize. Masahihisho yatafuata.

Nanyi wanafunzi, hamhitaji Kiswahili kigumu. Anzeni na "nadhani... kwa sababu...". Mkishaweza, ongezeni "ni kweli kwamba... lakini...". Insha nyingi nzuri zimejengwa juu ya sentensi hizo mbili.

Kazi ya muhula huu ni "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Ukurasa mmoja, uletwe Jumamosi ya tatu. Unaweza kuiunga mkono au kuipinga, ila uthibitishe. Na safari hii nawaomba wazazi nao waandike ukurasa mmoja wa kuwajibu watoto wao. Tutazisoma karatasi zote darasani, na kalamu nyekundu nitaiacha nyumbani.